Barua ya wazi kwa mnaoidhinisha makazi ya wanafunzi: pimeni njia, msihesabu vyumba

Kwa: Wakuu wa vyuo, mabaraza ya majiji, bodi za makazi ya jamii na wafadhili wa ujenzi

YAH: MAKAZI YA JAMII YA WANAFUNZI KATIKATI YA JIJI YANAYOFIKIWA NA WOTE

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wasanifu majengo, mafundi, wasimamizi wa hosteli na wanafunzi wenye ulemavu. Tunawaandikia kabla zege halijamwagwa, kwa sababu mengi tunayoyaomba hayana gharama kubwa leo na yatakuwa hayawezekani tena mwaka ujao.

Michoro inayofika mezani kwenu huwa na mstari mmoja kuhusu ulemavu: vyumba kadhaa katika kila mia, vimewekewa alama ya kiti cha magurudumu. Idadi ikitimia, muhuri unapigwa. Ombi letu ni kwamba muache kuanzia kwenye idadi hiyo. Anzeni na njia: kutoka ukingo wa barabara mpaka kitandani, kutoka kitandani mpaka chooni, jikoni, kwenye mashine za kufulia, kwenye chumba cha rafiki ghorofa ya tano, na kutoka nje usiku wa manane king'ora kinapolia. Pale njia inapokatika, hata kwa kizingiti cha milimita 40, chumba kilichotimiza vipimo vyote hakimsaidii mtu.

Jambo hili si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008, unataja nyumba waziwazi katika kifungu cha 9 kinachohusu ufikivu. Kifungu cha 19 kinampa mtu haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani, na cha 24 kinahusu elimu, ikiwemo ya juu. Visomeni vifungu hivi vitatu pamoja, maana kwa mwanafunzi haviachani. Mwaka 1962 Ed Roberts, kijana aliyepooza kwa polio, alipokubaliwa kusoma Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, hakukuwa na bweni lililoweza kupokea mashine kubwa ya chuma iliyomsaidia kupumua. Akapewa mahali pa kulala hospitalini, ndani ya eneo la chuo. Nafasi ya masomo aliipata, kitanda cha bweni hakikuwepo. Wanafunzi waliomfuata katika wodi ile ndio walioanzisha naye harakati zilizozaa Kituo cha Maisha ya Kujitegemea mwaka 1972. Bado yapo majengo mapya yanayorudia kosa lile lile kwa sura nyingine: barua ya udahili inafika, kisha mwanafunzi anaambiwa chumba kinachomfaa kiko nje kabisa ya jiji.

Tuanze mlangoni, kwa kuwa viwanja vya katikati ya jiji huharibikia hapo. Msanifu huinua sakafu ya chini juu ya barabara akiogopa maji ya mvua. Tuseme ameinua milimita 450, yaani vidato vitatu. Mteremko wa 1:12, yaani kupanda mita moja kwa kila mita 12 za urefu, ambao ndio mkali zaidi tunaoweza kuukubali, utahitaji mita 5.4 za urefu, na ukiongeza sehemu bapa za mita 1.5 juu na chini unafikia mita 8.4. Mteremko wa 1:20, ambao mtu mwenye mikono dhaifu anaweza kuupanda bila kusukumwa, utataka mita 12 kwa jumla. Kiwanja chenye uso wa mita 10 barabarani hakina nafasi hiyo. Matokeo tunayoyajua ni mawili: rampu inasukumwa nyuma ya jengo karibu na mapipa ya taka, au linafungwa jukwaa la kupandisha kiti pembeni ya ngazi. Jukwaa la nje hunyeshewa, huingia vumbi, na ufunguo wake hukaa kwa mlinzi wa zamu nyingine. Likiharibika, mtu anabaki nje ya nyumba yake.

Dawa ni kushusha sakafu ya kuingilia ifikie usawa wa njia ya waenda kwa miguu na kushughulikia maji kwa namna nyingine. Wekeni mfereji mwembamba wenye wavu kukatiza mbele ya mlango wote, matundu yake yasizidi milimita 13 na yakingame na mwendo ili gurudumu dogo la mbele lisizame. Wekeni kipaa cha angalau mita 1.5 juu ya mlango, na ardhi ya nje ielekee barabarani kwa mteremko mdogo. Katika jengo la zamani linalogeuzwa kuwa hosteli, mara nyingi inawezekana kuvunja kipande cha sakafu ya mbele na kuweka mteremko ndani, mahali pakavu, badala ya nje. Kazi hiyo ni chafu na mkandarasi hataipenda, lakini mlango mkuu unabaki mmoja kwa watu wote. Mhandisi wa miundo aulizwe mapema, kwani mihimili iliyo chini ya sakafu ya mbele ndiyo itakayoamua.

Mbele ya mlango huo panahitajika pia sehemu ya gari kusimama kumshusha mtu, yenye ukingo ulioshushwa, na pahali maalumu pa pikipiki na baiskeli za wanaoleta mizigo. Mkiacha kupapanga, zitaegeshwa kwenye rampu. Hili hutokea karibu kila mahali na kibao cha katazo hakijalizuia popote.

Kuhusu lifti, tunasema neno moja: mbili. Jengo la ghorofa lenye lifti moja linafikika mpaka siku lifti hiyo inapoharibika, na siku hiyo inaweza kuwa ya mtihani. Kibanda cha lifti kisipungue upana wa milimita 1100 na kina cha 1400, na mlango uwe na uwazi wa 900. Kwa ukubwa huo kiti kinaingia lakini hakigeuki, hivyo ukuta wa nyuma uwe na kioo ili mtu aone anakorudi kinyumenyume. Kama nafasi inaruhusu milimita 2000 kwa 1400, atageuka ndani. Vitufe vikae kati ya 900 na 1200 kutoka sakafuni, viwe na nukta nundu na namba zilizoinuka, na sauti itaje ghorofa. Msikubali vitufe vya kugusa visivyobonyea, kwa sababu asiyeona akivipapasa vyote vinaitika. Kisha ulizeni kuhusu mkataba wa matengenezo kabla ya kuuliza kuhusu rangi ya lifti. Ndani yake iandikwe fundi anapaswa kufika baada ya saa ngapi, na vipuri gani vinawekwa jengoni.

Korido na milango ndipo vipimo huibwa bila mtu kukusudia. Korido iliyochorwa milimita 1500 kati ya matofali hupigwa plasta pande zote, hubandikwa vigae, na inabaki kama 1440. Ongezeni reli ya mkono, kizimamoto kilichoning'inizwa na pipa la taka, mtu hapiti tena bila kugonga. Kwa hiyo kila kipimo kwenye mkataba kiandikwe kuwa ni cha uwazi baada ya umaliziaji. Sentensi hii moja inaokoa mabishano mengi kuliko kurasa kumi za maelezo. Tunapendekeza 1500 ya uwazi kwa korido zote, ili kiti cha mkono kiweze kugeuka popote, na 1800 pale viti viwili vinapopishana, kama mbele ya lifti na jiko. Vizimamoto viingizwe ndani ya ukuta. Kitu chochote kinachotokeza zaidi ya milimita 100, na ambacho upande wake wa chini uko juu ya 700, fimbo nyeupe hupita chini yake bila kukigusa na mtu hugongwa kifuani au usoni.

Mlango wa ubao wa 900 hautoi uwazi wa 900. Unene wa ubao wenyewe na mbao za fremu hula milimita 50 hadi 60, na mlango usipofunguka zaidi ya digrii 90 kishikio nacho kinakula. Anayetaka uwazi wa 900 aagize ubao wa 1000. Upande wa kitasa, kule unakovutia mlango, paachwe ukuta mtupu wa angalau 450, bora 600. Pasipokuwa na nafasi hiyo mwenye kiti hukaa mbele ya mlango anaouvuta na hana pa kujisogeza. Kabati lililojengwa nyuma ya mlango huua nafasi hii, na huongezwa dakika za mwisho na mtu wa samani ambaye hakuonyeshwa mchoro wa msanifu.

Milango ya kuzuia moto ina chemchemi ya kujifunga, na chemchemi hiyo huwa nzito. Kwa mtu mwenye misuli dhaifu, nguvu inayozidi nyutoni 30 kufungua mlango, sawa na kuinua kama kilo 3, inatosha kumfungia ndani. Chemchemi isilegezwe, maana mlango hautajifunga moto ukitokea. Korido ziwekewe sumaku zinazoshika mlango ukiwa wazi na kuuachia king'ora kinapolia, na vyumba viwekewe vifungio vinavyouacha mlango uende huru siku zote mpaka king'ora kiite. Vyumba vichache viwe na injini ya mlango inayotumia kitufe cha mkononi. Waya wa umeme wa injini hiyo upitishwe juu ya fremu za vyumba vyote tangu ujenzi, hata kama injini itafungwa kwenye vitano tu.

Sasa bafu, na hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa kuwa kosa lake haliponi. Bafu lisilo na kizingiti linahitaji sakafu ya zege iliyozamishwa. Maji yateremke kwa 1:50 kuelekea mfereji wa kutolea maji, yaani milimita 24 katika mita 1.2. Juu ya zege kuna tabaka la saruji, utando wa kuzuia maji, gundi na vigae. Ukijumlisha, fundi anahitaji kama milimita 60 hadi 75 za kina. Kina hicho hupatikana wakati mmoja tu, formaweki ya slabu (mbao za muda za kumwagia sakafu ya zege) inapowekwa. Kisipokuwa kwenye mchoro wa mhandisi wa miundo, slabu itamwagwa sawasawa. Miezi minane baadaye fundi wa vigae atajenga ukingo ili maji yasitiririke chumbani, na ukingo huo utamzuia mwenye kiti kuoga. Hakuna atakayekuwa na kosa kwenye makaratasi. Mabafu yanayotengenezwa kiwandani na kuletwa yakiwa kamili yana hatari iyo hiyo: yana sakafu yenye unene wake, na yakiwekwa juu ya slabu bapa yanazaa kidato mlangoni. Kabla ya kuidhinisha, ombeni mchoro wa mkato wa bafu unaoonyesha usawa wa sakafu ya chumba na ya bafu kwenye mstari mmoja, na mhandisi wa miundo autie saini pamoja na msanifu.

Bafu lenye choo na sehemu ya kuogea kwa kiti cha magurudumu linataka kama mita 2.4 kwa 2.5 za ndani. Kati ya choo na ukuta wa kando, upande wenye kishikio, umbali kutoka katikati ya choo uwe kama milimita 450. Upande wa pili paachwe wazi kwa 900 au zaidi ili kiti kisogee sambamba. Kiti cha choo kiwe na urefu wa 450 hadi 480. Vishikio vibebe angalau kilo 110, na sisi tungependa 150. Havibebi uzito huo vikifungwa kwenye jipsamu tupu: nyuma yake panahitaji plaiwudi ya milimita 18 kwenye ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi mita 1.8. Tunasema ukuta mzima, na katika mabafu yote ya jengo. Mahali pa kishikio hutofautiana kati ya mtu na mtu, na chumba cha kawaida kikiwa tayari na plaiwudi kitageuzwa kwa siku moja badala ya kubomolewa.

Kuna jambo moja ambalo hata wasanifu makini hulisahau. Mtu aliyepooza upande mmoja huhamia chooni kwa upande mmoja tu, wa kushoto au wa kulia. Mabafu yote kumi yakijengwa kwa mchoro mmoja, nusu ya wanaoyahitaji hawatayatumia. Yagawanyeni: nusu yaelekee kushoto, nusu kulia, na orodha ya vyumba iseme kipi ni kipi.

Kamba nyekundu ya kuomba msaada ifike milimita 100 kutoka sakafuni, kwani anayeihitaji zaidi ni aliyeanguka. Wafanya usafi huifunga juu ili isilowe wakipiga deki. Waelezwe sababu yake, na itazamwe kila wiki.

Chumbani, upande mmoja wa kitanda paachwe upana wa 1200, na kitanda kiwe na uwazi wa angalau milimita 150 chini yake. Vitanda vingi vya hosteli ni masanduku yenye droo, na miguu ya mashine ya kumnyanyulia mtu haiingii chini ya sanduku. Dari ya vyumba vichache iimarishwe tangu mwanzo ili ibebe reli ya kunyanyulia kutoka kitandani mpaka bafuni. Hapo fremu ya juu ya mlango wa bafu lazima iruhusu reli kupita. Soketi zikae kati ya 400 na 1000, mbili zikiwa kando ya kitanda, kwa sababu kiti cha umeme huchajiwa usiku, na mashine ya kupumulia nayo huhitaji umeme wakati mwenyewe amelala. Kiti kisichajiwe koridoni, kwenye njia ya kukimbilia moto. Soketi chache za vyumba hivi ziunganishwe na jenereta au betri za dharura za jengo, pamoja na lifti moja na vitasa vya umeme. Kitasa cha umeme kinachojifunga umeme ukikatika hakifai kwenye nyumba ya kulala.

Kuhusu idadi, kanuni za nchi kadhaa hutumia chumba kimoja katika kila ishirini. Tunaiona kuwa ni sakafu, si dari. Chumba cha kawaida chenye bafu lake huwa na mita za mraba 12 hadi 15, na cha kiti cha magurudumu huwa kama mara moja na nusu yake. Njia bora kwenye kiwanja chenye bei kali ni kupanga nguzo ili vyumba vitatu vya kawaida viweze kugeuzwa kuwa viwili vikubwa kwa kuondoa kuta nyepesi, bila kugusa muundo wala mabomba makuu. Idadi ya wanaohitaji hubadilika kila mwaka wa masomo, nanyi hamtaweza kuibashiri kwa miaka hamsini. Baadhi ya vyumba hivyo viwe na mlango wa ndani wa kuingilia chumba cha jirani, cha msaidizi binafsi, na chumba cha msaidizi kisitozwe kodi.

Vitawanyeni katika ghorofa zote na aina zote. Vikirundikwa ghorofa ya chini karibu na ofisi ya mlinzi, wanafunzi wenye ulemavu wanaishi wao kwa wao na kusikiliza kelele za barabara, na kifungu cha 19 kinakuwa kimevunjwa kimyakimya. Vyumba vingine vyote, bila kubakiza kimoja, viwe na mlango mpana wa kumwezesha mgeni mwenye kiti kuingia, na kila ghorofa iwe na choo cha pamoja anachoweza kukitumia. Mtu anayeweza kulala jengoni lakini hawezi kumtembelea mwenzake hajakaribishwa.

Jiko la pamoja tutalipitia upesi. Sehemu moja ya kaunta ipande na kushuka kati ya milimita 700 na 900. Chini yake pawe wazi kwa magoti: urefu 700, upana 800, kina 600. Sinki liwe la kina kifupi, milimita 150, na bomba la maji moto lifunikwe, kwani mguu usio na hisia huungua bila mtu kujua. Jiko la kupikia liwe bapa na kaunta ili sufuria iburuzwe badala ya kuinuliwa. Mlango wa oveni ufunguke kwa ubavu. Mlango unaofunguka kwenda chini unamtenga mwenye kiti na chakula chake.

Ulemavu usioonekana kwenye alama ya kiti unasahaulika zaidi. Mwanafunzi kiziwi anahitaji taa ya king'ora chumbani, bafuni na chooni, na kitetemeshi chini ya mto kilichounganishwa na mfumo mkuu wa moto. Saa ya kununua dukani haitoshi. Chuo Kikuu cha Gallaudet kule Washington, ambacho kilianzishwa kwa ajili ya viziwi, kilianza mwaka 2005 kukusanya mafunzo ya usanifu yanayotokana na maisha yao. Mafunzo hayo yanamfaa kila mtu: korido pana ili wawili watembee wakizungumza kwa lugha ya alama wakitazamana, kona zisizo kali au zenye kioo ili usimgonge usiyemsikia akija, na mwanga usiotoka nyuma ya mzungumzaji hadi uso na mikono yake vikawa giza. Meza za chumba cha kukutania ziwe za duara.

Kwa wenye uoni hafifu, rangi si pambo. Ukuta, mlango, sakafu na kishikio vitofautiane katika kuakisi mwanga kwa angalau pointi 30 kati ya 100. Kijivu juu ya kijivu, kinachopendwa sana siku hizi, kinaficha mlango ndani ya ukuta. Ukingo wa kila kidato uwe na mstari wa milimita 50 hadi 55 wenye rangi tofauti. Chini ya ngazi, pale urefu unaposhuka chini ya mita 2.1, pazibwe ili asiyeona asigonge kichwa. Namba za vyumba ziwe zimeinuka na kuwa na nukta nundu, na ziwekwe ukutani upande wa kitasa, zisibandikwe kwenye ubao wa mlango unaoweza kufunguliwa ghafla usoni mwa anayezisoma kwa vidole. Mbwa mwongozaji anahitaji kipande cha ardhi karibu na mlango, chenye bomba la maji.

Kwa wenye usonji na wengine wanaoelemewa na kelele, jiji lenyewe ndilo tatizo. Wekeni vyumba vya kulala upande wa uani, madirisha ya vioo viwili upande wa barabara, taa zinazopunguzwa mwanga bila kumetameta, na chumba kimoja tulivu katika kila ghorofa mbili. Feni ya bafuni isiwashwe na swichi ya taa.

Tumefika kwenye moto. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 moto uliteketeza jengo la Grenfell jijini London na watu 72 wakapoteza maisha. Wakazi 37 wa jengo lile walikuwa na ulemavu, na 15 kati yao walifariki. Jengo refu la makazi lisilo na mpango wa kuwatoa wasioweza kushuka ngazi linawaachia wao gharama ya uzembe wa wengine. Kila ngazi ya dharura iwe na eneo la kusubiri lililokingwa, milimita 900 kwa 1400 kwa kila kiti, nje ya upana wa ngazi wenyewe, pamoja na simu ya kuzungumza na anayesimamia uokoaji. Eneo hilo ni la kusubiri kwa muda mfupi, na lazima iandikwe nani anakuja, kutoka wapi, na kwa ufunguo gani. Lifti moja iwe ya uokoaji: umeme wake upite njia iliyokingwa, na mlango wake ufungukie ukumbi uliokingwa na moshi.

Viti vya kushushia watu ngazini vinanunuliwa kwa wingi na kutundikwa ukutani. Havina kazi bila mtu aliyefunzwa kuvitumia, na usiku hosteli nyingi zina mlinzi mmoja. Mlinzi mmoja hawezi kushusha watu watatu kutoka ghorofa tatu. Hesabuni watumishi wa usiku dhidi ya mpango wa moto, na kila mwanafunzi anayehitaji msaada awe na mpango wake binafsi ulioandikwa pamoja naye katika wiki ya kwanza, kisha urudiwe akibadilisha chumba, akibadilisha kifaa au hali yake ikibadilika. Mazoezi ya moto yanayomwacha mwenye kiti chumbani "ili asisumbuke" hayajajaribu kitu.

Mengine yote yanaweza kujengwa sawasawa na bado yakaharibiwa na ofisi ya kodi. Mwanafunzi asilipe zaidi kwa sababu chumba chake ni kikubwa, kwani ukubwa ule ni mahitaji, si anasa. Vyumba hivi vishikiliwe hadi baada ya matokeo ya udahili. Vikipewa wengine kwa sababu havijajaa, mkataba wa huyo mwingine useme atahama kwa notisi iliyokubaliwa. Tovuti ya maombi isomeke kwa programu ya kusoma skrini, na ionyeshe vipimo na picha za kila chumba: upana wa mlango, upande wa choo, urefu wa kitanda. Msiwafungie nje wakati wa likizo. Wapo ambao nyumba zao za asili hazifikiki kama hosteli hii itakavyofikika.

Na kwa kuwa haya ni makazi ya jamii, ghorofa ya chini yenye ukumbi, dobi au zahanati iwe wazi kwa majirani, kwa kiwango kile kile cha vipimo, ila mlango wa vyumba vya kulala utenganishwe. Mabafu na milango ya ukumbi huo ikaguliwe kama ya vyumbani.

Tunaomba utaratibu ufuatao uingizwe kwenye hati za zabuni, siyo kwenye barua ya nyongeza. Jopo la wanafunzi wenye ulemavu wa aina mbalimbali lilipwe kwa saa zao, liione michoro kabla haijafungwa, na majibu ya msanifu kwa kila hoja yaandikwe. Kabla ya kuagiza samani na mabafu, chumba kimoja kijengwe kwa ukubwa halisi, hata kwa plaiwudi, na watu wakijaribu na viti vyao wenyewe, vya mkono na vya umeme, maana kiti cha umeme huhitaji mita 1.7 hadi 1.8 kugeuka pale cha mkono kinapotosheka na 1.5. Vipimo vichukuliwe mara tatu: formaweki ikiwa wazi, kuta zikiwa bila plasta, na umaliziaji ukiwa umekwisha. Malipo ya mkandarasi ya kila hatua yafungwe na vipimo vya hatua hiyo. Kipimo cha kwanza ndicho chenye thamani kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa, kwa sababu siku ya kumwaga zege kila mtu ana haraka.

Miezi mitatu baada ya watu kuhamia, na tena baada ya mwaka, rudini na jopo lile lile mpite njia yote, mkianza nje. Bajeti ya marekebisho ya ziara hizo itengwe tangu sasa na isihamishiwe kwingine.

Michoro ya slabu za ghorofa ya chini na ya kwanza ndiyo inayofungwa mapema kuliko mingine. Tunaomba tuione hiyo kwanza, pamoja na mkato wa bafu na usawa wa mlango mkuu, kabla zabuni haijatangazwa, na mtujibu kwa maandishi nani atasaini vipimo siku ya formaweki.

Wasalaam,

Wasanifu, mafundi, wasimamizi wa hosteli na wanafunzi wenye ulemavu